Oili Ikigeuka Maziwa: Tahadhari kwa Mwenye Injini ya Mtumbwi

Kwa watu wa Tarime na Serengeti maziwa ni neema. Ni chakula cha mtoto, ni heshima ya mgeni, na ni dalili ya zizi lenye afya. Lakini yako maziwa ambayo hayamfurahishi mtu yeyote, nayo ni yale yanayochuruzika kutoka katika giaboksi ya injini ya mtumbwi siku fundi anapofungua skrubu ya chini. Hayo si maziwa hata kidogo. Ni oili ya gia iliyokorogeka na maji ya ziwa, na maana yake ni moja tu: giaboksi inavuja.

Huenda utauliza, jambo hili linamhusu nini mfanyakazi wa Tarime mjini au Mugumu, aishiye mbali na mawimbi? Ni kweli kwamba wilaya hizi mbili leo hazina ufuko wa Ziwa Viktoria. Tarime ilifika ziwani hadi mwaka 2007, ilipogawanywa na upande wa magharibi ukawa Wilaya ya Rorya, yenye mialo kama Sota na Kinesi. Hata hivyo, mpaka wa wilaya haukati udugu wala biashara. Dagaa na sangara wanaoliwa bara hutoka ziwani, na si ajabu mtumishi mwenye mshahara akachanga fedha na ndugu yake aliyeko mwaloni, wakanunua mtumbwi na injini iliyokwisha kutumika. Injini hiyo ikifa, ada ya shule hukosekana nyumbani. Ikifa usiku katikati ya ziwa, upepo unapovuma, kinachohatarishwa si fedha tena bali ni roho za watu.

Giaboksi ni kitu gani?

Injini za namna hii zilienea duniani baada ya Ole Evinrude, Mmarekani mzaliwa wa Norway, kuanza kuuza za kwake mwaka 1909. Zimebadilika sana tangu hapo, lakini mpango wa sehemu ya chini ni ule ule. Nguvu hushuka kutoka juu kwa shafti ndefu iliyosimama wima. Chini hukutana na gia zenye meno ya mshazari, ambazo huigeuza nguvu hiyo na kuipeleka katika shafti iliyolala, na mwisho wake ndiyo rafadha, ambayo wavuvi huiita propela. Gia hizo huogelea ndani ya oili nzito, aghalabu namba 90. Nje kuna maji, ndani kuna oili, na baina yao ni sili chache za mpira.

Sili hizo hukaa mahali patatu: nyuma ya rafadha, chini ya pampu ya maji ambapo shafti ya wima huingia, na pale upitapo ufito wa kubadilishia gia. Zaidi ya hapo zipo washa za skrubu mbili za oili, mpira wa duara unaozunguka kifuniko cha shafti ya rafadha, na ganda lenyewe, ambalo laweza kupata ufa likigonga jiwe.

Adui mkubwa wa sili katika ziwa letu ni uzi wa nailoni. Kipande cha wavu kikinaswa na rafadha hujizungusha katika shafti, kikajipenyeza hadi kwenye sili na kuikata kama wembe. Mvuvi huona kwamba injini bado inakwenda, akasahau. Maji hayasahau.

Kuitambua dalili

Kabla ya kugusa rafadha, zima injini na uchomoe waya za plagi, isije ikawaka ukiwa umeishika. Iache isimame wima usiku kucha. Asubuhi legeza skrubu ya chini taratibu. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili, yaliyojitenga yatatangulia kutoka. Oili safi au iliyopiga weusi kidogo si neno. Oili nyeupe imeingiliwa na maji. Unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno ya gia au beringi zilizovunjika, na hapo kazi si ya sili peke yake.

Usibabaishwe na weusi mwepesi unaodondoka katikati ya rafadha. Injini nyingi hutoa moshi kupitia hapo, na mabaki ya oili iliyochanganywa na petroli huchuruzika. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti.

Usibadilishe kwa kubahatisha

Kosa la mafundi wengi ni kubadilisha sili moja, kufunga na kuomba Mungu. Fundi mwangalifu hupima kwanza. Oili ikiisha kumwagwa, hufunga pampu ya mkono yenye geji katika tundu moja la skrubu, akaziba la pili, na kujaza upepo wa pauni 10 hivi kwa inchi ya mraba. Asizidishe 15, maana presha kubwa huweza kuziharibu hata sili nzima. Kisha huizamisha giaboksi katika pipa la maji safi, au huipaka povu la sabuni, na kutazama mapovu yanatoka wapi. Ni vema azungushe shafti na kusogeza ufito wa gia, kwani sili nyingine hushikilia zikiwa zimetulia na kuvuja zinapozungushwa.

Akishapaona mahali, na afungue kwa utaratibu. Sili ya zamani itolewe bila kukwaruza chuma, na iangaliwe ilikuwa imeelekea upande gani. Nyuma ya rafadha mara nyingi huwa mbili zilizopeana mgongo: moja yazuia oili isitoke, nyingine yazuia maji yasiingie. Ukizigeuza umejisumbua bure. Sili mpya ipakwe grisi mdomoni, isukumwe sawasawa kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake, wala isigongwe kwa bisibisi.

Katika injini kuukuu lipo jambo jingine. Sili iliyosuguana na shafti kwa miaka mingi huichimba mfereji mwembamba unaosikika kwa ukucha. Sili mpya ikikaa juu ya mfereji huo, itavuja siku ile ile. Dawa ni kuipeleka sili mbele au nyuma kidogo, kama nafasi ipo, ili mdomo wake uguse chuma kizima, au kubadilisha shafti.

Kazi ikiisha, upepo ujazwe tena kwa kupima, kabla ya oili kutiwa. Oili nayo itiwe kutoka tundu la chini hadi itokeze tundu la juu, ili hewa isibaki ndani. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uchomoe pampu na kufunga ya chini upesi, zote zikiwa na washa mpya. Safari ya kwanza iwe fupi, karibu na ufuko, kisha oili itazamwe upya.

Mbinu za kujidanganya

Wako wanaopaka gundi kwa nje. Haidumu. Wako wanaoshindilia grisi badala ya oili kwa kuwa haivuji upesi. Lakini meno ya gia huisukuma grisi pembeni, nayo hairudi kama oili irudivyo, na chuma hubaki kusagana kikavu. Miaka ya mwanzo ya 1980, vipuri vilipoadimika nchini kwa uhaba wa fedha za kigeni, mtu aliweza kusamehewa kwa mbinu kama hizo. Leo hana udhuru. Sili ni kitu cha bei ndogo. Seti ya gia ni mzigo mkubwa kwa familia. Wahenga walikwisha kutuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Vitabu vingi vya injini huagiza oili ya gia ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi. Injini inayokwenda saa 4 kwa siku hutimiza saa hizo kwa siku 25. Basi wewe uliyechanga fedha zako usiulize habari za samaki peke yake. Muulize ndugu yako pia: oili ilibadilishwa lini, na ilikuwa na rangi gani? Muulize kama huivua rafadha na kutoa nyuzi. Na oili chafu ihifadhiwe katika galoni, isimwagwe ziwani, kwani maji hayo ndiyo yanayonywewa na watu wa mwaloni, na ndimo wanamokulia samaki wanaofika mezani kwako.