Polisi Hubainije Kama Tukio Limetokana na Chuki au Imani za Kishirikina?

Kikongwe anapokutwa ameuawa kwa panga ndani ya nyumba yake, maelezo ya chanzo cha kifo humfikia askari kabla hajashuka kwenye gari. Jirani mmoja husema marehemu alikuwa akituhumiwa uchawi. Mwingine husema ni wezi. Wa tatu hutaja ugomvi wa shamba, kisha hunyamaza ndugu wa marehemu anaposogea karibu. Mfano huu hauhusu tukio mahususi, lakini wakazi wa Kibaoni katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, mkoani Katavi, hawatauona mgeni, kama ambavyo hautakuwa mgeni kwa wenzao wa Tabora, Rukwa na mikoa ya Kanda ya Ziwa. Swali ni namna Jeshi la Polisi linavyofikia uamuzi kuhusu sababu ya tukio kati ya sauti hizo tatu.

Sheria za Tanzania Bara hazina kosa moja linaloitwa uhalifu wa chuki. Aliyeua kwa kukusudia hushtakiwa kwa kosa la mauaji chini ya kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, awe ameua kwa sababu ya imani za kishirikina, kabila, dini au mali. Kanuni hiyo inaeleza pia kwamba, isipokuwa pale sheria inaposema vinginevyo, sababu iliyomsukuma mtu kutenda kosa haiondoi wala haiongezi wajibu wake wa jinai. Kwa lugha nyepesi, upande wa mashtaka haulazimiki kuthibitisha kwamba mshtakiwa alimchukia marehemu. Unalazimika kuthibitisha kwamba aliua, na kwamba alikusudia.

Hata hivyo, mpelelezi haachi kutafuta sababu, kwa kuwa ndiyo inayomwonesha watu waliosimama nyuma ya mwenye panga. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu kuwa mkosaji mkuu si mtendaji peke yake, bali pia aliyemsaidia, aliyemshawishi na aliyemtuma. Kifungu cha 23 kinawagusa wote waliokuwa na nia ya pamoja. Mauaji yakichukuliwa kuwa ujambazi wa kawaida, mpiga ramli aliyemtaja kikongwe kuwa mchawi hatafikiwa, na ndugu aliyelipa fedha ili shamba libaki mikononi mwake atakaa msibani akipokea rambirambi.

Ndiyo maana swali linaloongoza upelelezi wa aina hii si kama muuaji alikuwa na hasira, bali ni kwa nini alichaguliwa mtu huyu na si mwingine.

Jibu huanza kutafutwa eneo la tukio. Iwapo fedha, simu na mifugo vimebaki, dhana ya wizi hudhoofika, ingawa haifi. Aina ya majeraha na matokeo ya uchunguzi wa daktari huangaliwa, pamoja na kama kuna kiungo kilichoondolewa mwilini. Kisha huulizwa yaliyotangulia: je, kulikuwa na msiba wa mtoto au ugonjwa usioeleweka katika ukoo siku za karibuni? Nani alikwenda kwa mganga, na alirudi na maneno gani? Je, marehemu aliwahi kutishiwa, kutengwa au kuchomewa nyumba? Kumbukumbu za mabaraza ya ardhi na ofisi ya kijiji nazo hupitiwa, na hapo ndipo mambo hugeuka mara nyingi. Tuhuma za uchawi hufuata njia za mirathi. Mjane mwenye ekari kadhaa na asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea yumo hatarini kuliko jirani yake maskini mwenye umri uleule. Macho mekundu yanayotajwa kuwa dalili ya uchawi ni matokeo ya miaka mingi ya kupikia kuni katika jiko lisilo na dirisha, jambo ambalo kila aliyekulia kijijini analijua.

Kinachoandikwa katika jalada ni kile kinachoweza kusimama mahakamani. Kauli kwamba watu wanasema ni mchawi haina uzito. Ushahidi wa mtu aliyemsikia mshukiwa kwa masikio yake akimtishia marehemu, akataja siku, mahali na maneno yenyewe, una uzito mkubwa. Mawasiliano ya simu kati ya mshukiwa na mganga, malipo yaliyofanyika kabla au baada ya tukio, na uchunguzi wa vinasaba unaofanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali huunganisha maneno hayo na kitendo.

Muda nao hupimwa kwa makini. Mshtakiwa anaweza kujitetea kwamba alighadhibishwa ghafla akapoteza uwezo wa kujizuia, utetezi ambao ukikubaliwa hushusha kosa kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia. Mwaka 1951 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Eria Galikuwa lililotoka Uganda, ilionesha kwamba kuamini tu kuwa umerogwa hakutoshi kuwa kighadhabisho cha kisheria. Hivyo mpelelezi anapouliza kama mshukiwa alilala siku 2 baada ya kutoka kwa mganga ndipo akaenda kwa kikongwe, hafanyi udadisi wa bure. Siku hizo 2 ni tofauti kati ya ghadhabu na mpango.

Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yalionesha wazi kwa nini neno chuki peke yake halitoshi. Muuaji wa mtu mwenye ualbino anaweza asimchukie hata kidogo. Amemfanya kuwa bidhaa, kwa imani kwamba viungo vyake huleta utajiri. Alichaguliwa kwa jinsi alivyozaliwa. Januari 2009 suala hilo lilimtoa machozi bungeni Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, ambaye nyumbani kwake ni Kibaoni, alipokuwa akieleza kauli yake kali dhidi ya wauaji hao. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu watu 3 adhabu ya kifo kwa mauaji ya mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku shughuli za wapiga ramli, kwa kutambua kwamba mnyororo wa mauaji hayo huanzia kwao. Ramli chonganishi haimo katika tiba asili inayotambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamtia hatiani anayedai kuwa na nguvu za uchawi au anayetishia kuzitumia.

Nchi nyingine zina utaratibu tofauti. Uingereza, baada ya mauaji ya kijana Stephen Lawrence jijini London mwaka 1993, taarifa ya uchunguzi ya mwaka 1999 ilipendekeza tukio lihesabiwe kuwa la kibaguzi iwapo mwathirika au mtu mwingine yeyote ataliona hivyo. Huko, hisia ya mwathirika hufungua jalada, lakini mahakamani uthibitisho bado hutakiwa. Kenya ina Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inayokataza kauli za chuki za kikabila. Kwa Tanzania Bara, kauli za kuchochea uhasama baina ya makundi ya wananchi huangukia kifungu cha 63B cha Kanuni ya Adhabu, na zikisambazwa kwa simu au kompyuta kwa misingi ya rangi, kabila, utaifa au dini, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hutumika. Tahadhari inahitajika hapa. Ng'ombe wanapoingia katika shamba la mpunga na ugomvi ukazuka, wahusika kuwa wa makabila mawili hakulifanyi tukio kuwa la kikabila. Huweza kuwa hivyo iwapo kesho yake watu wasiokuwa na ng'ombe hata mmoja wanashambuliwa kwa sababu tu ya kabila lao.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinamtaka kila anayefahamu kutendeka kwa kosa lililo chini ya Kanuni ya Adhabu, au nia ya kulitenda, kutoa taarifa polisi au kwa kiongozi wa eneo lake. Kitisho kwa kikongwe ni taarifa tosha, haisubiriwi damu. Anayehofia usalama wake anaweza kutumia kinga ya Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Taarifa hupokelewa na mtendaji wa kijiji au kata, polisi kata, kituo chochote cha polisi, au kwa kupiga namba 112, na mtoa taarifa anashauriwa kutaja maneno aliyoyasikia kama yalivyotamkwa, bila kuongeza tafsiri yake.