Soma Karatasi za Visima Kabla ya Kuchimba

Ewe mkulima wa Kitale, Ndalu, Naitiri au Tongaren, ukitaka kuchimba kisima shambani mwako, yakupasa kuuliza kwanza: waliochimba karibu nawe walikuta nini? Mara nyingi jibu limekwisha andikwa, nawe waweza kulipata kabla ya kulipia shimo kavu.

Baadhi ya mashamba yaliyogawanywa katika Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, yalikuwa na visima vya mashine vilivyochimbwa wakati wa walowezi. Visima vya namna hiyo vilipewa namba za Serikali zenye herufi C, na karatasi zake zikawekwa. Upande wa Bungoma, katika miaka ya 1980, mpango wa maji wa Kenya na Finland uliongeza visima vingi vya pampu ya mkono. Siku hizi idhini ya kuchimba hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na mchimbaji hutakiwa kupeleka taarifa yake huko. Ulizia huko.

Karatasi ina hesabu nne za maana: kina cha shimo, kina ambapo maji yalikutwa, kina ambapo yalitulia, na kiasi kilichotoka kwa saa yalipojaribiwa. Angalia vipimo kwa makini, kwani karatasi za zamani ni za futi na galoni. Futi 120 ni kama mita 37 tu. Galoni 200 kwa saa ni kama lita 900. Zatosha pampu ya mkono, lakini usipande kabeji za kumwagilia kwa kuzitegemea.

Hesabu ya pili na ya tatu zisome pamoja. Tuseme maji yalikutwa mita 40, kisha yakapanda na kutulia mita 15. Hayo yalikuwa yamebanwa chini ya tabaka zito, na yalipotobolewa yakapata njia. Tabaka hilo huyakinga na uchafu wa juu. Maji ya kisima kifupi kwa kawaida hutulia palepale yalipokutwa, na choo kikiwa karibu huweza kuyafikia.

Wengine hudhani chini kuna mto unaopita. La, sivyo. Chini ya Kitale kuna mwamba wa kale sana. Kuelekea Mlima Elgon umefunikwa na mawe na majivu ya volkeno, na sehemu nyingi za Bungoma ni matale, ndiyo graniti. Mwamba mzima haushiki maji ya maana. Maji hukaa katika mwamba uliooza ulio juu yake, na katika nyufa. Ndiyo sababu visima viwili vilivyoachana hatua 100 vyaweza kutofautiana kabisa, kimoja kikawa na maji na cha pili vumbi. Kwa hiyo karatasi moja haitoshi. Kusanya tano au sita, uzitie katika ramani ya mashamba yenu. Kina kikilingana, tabaka lenye maji limeenea. Kikipishana sana, basi mnatafuta nyufa, na afadhali mpimaji aje kabla ya mashine.

Visima vya sururu na jembe vina taabu nyingine: karibu vyote havina karatasi. Hapa kazi ni yako. Funga kamba kwenye mkebe mdogo mzito, mdomo chini, uushushe alfajiri kabla mtu hajateka. Utausikia ukilia tubwi. Pima kamba kutoka alama ileile ya ukingoni, uandike tarehe na kina, mara moja kila mwezi. Kisima kilichochimbwa Septemba kikakutwa na maji mita 6 chaweza kukauka Februari. Heri kuchimba mwisho wa kiangazi, mwezi wa Machi, maji yakiwa chini kabisa.

Watoto wa shule waweza kuchora vipimo hivyo kwenye karatasi ya miraba. Ni hesabu nzuri kwao. Mkiona mstari wa kila Machi umeshuka kuliko Machi iliyotangulia, ingawa mvua ilikuwa ya kawaida, basi mnateka kuliko yanavyorudi. Pelekeni daftari ofisi ya maji kabla jirani mwingine hajafunga pampu ya injini.