Seli T na Virusi: Mipaka ya Sitiari ya Askari katika Kueleza Kinga ya Mwili kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna seli T zinavyoukabili uambukizo wa virusi, na inachunguza kama sitiari ya "askari wa mwili", inayotawala maelezo ya afya kwa Kiswahili, inatosha kuubeba ufafanuzi huo. Mfano mkuu ni Virusi vya UKIMWI (VVU), ambavyo hushambulia seli T zenyewe. Inajengwa hoja kwamba sitiari hiyo inaeleza uuaji wa seli zilizoambukizwa, lakini inaficha mambo matatu: namna seli T zinavyotambua uambukizo, kazi ya seli saidizi, na hatari inayotokana na seli kumbukizi. Mambo hayo matatu ndiyo yanayomwezesha mgonjwa kuelewa kwa nini dawa za VVU humezwa maisha yote hata kipimo cha CD4 kikipanda. Makala inamalizia kwa mapendekezo kuhusu istilahi za kutumiwa katika ukanda wa Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1985, Serwadda na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet maelezo ya ugonjwa mpya uliokuwa ukienea Rakai, kusini mwa Uganda. Wenyeji walikwisha kuupa jina, "Slim", kwa kuwa waliougua walikonda kupita kiasi. Jina hilo lilitokana na dalili inayoonekana kwa macho. Kiswahili kilipita njia nyingine. UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, ni jina lisilotaja dalili yoyote. Linataja kile kinachopungua ndani ya mwili. Kwa maana hiyo, jina lenyewe ni nusu ya ufafanuzi.

Nusu ya pili ndiyo iliyobaki na utata. Kinachopungua hasa ni nini? Jibu la kitaalamu ni kundi moja la seli nyeupe za damu, yaani seli T saidizi. Jibu linalotolewa zaidi katika vipeperushi, redioni na katika vyumba vya ushauri nasaha ni kwamba wanaopungua ni "askari wa mwili". Jibu hilo ni jepesi kukumbukwa na limewafaa wengi. Hata hivyo, linazua swali ambalo lenyewe haliwezi kulijibu: ikiwa askari wameongezeka baada ya matibabu, mbona dawa haziachwi?

2.0 Neno "kinga" na mizigo yake

Nomino "kinga" inatokana na kitenzi "kukinga", yaani kuweka kitu mbele ili kuzuia kingine kisipite. Katika mawasiliano ya afya, neno hili limebebeshwa mizigo mitatu. Kwanza, ni hatua yoyote ya kuzuia ugonjwa, kama katika usemi kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Pili, ni kondomu, pale watu wanapohimizwa kutumia kinga. Tatu, ni uwezo wa mwili wenyewe wa kupambana na maradhi. Neno "kingamwili" nalo hutumiwa katika baadhi ya matini kwa maana ya mfumo mzima wa kinga, na katika nyingine kwa maana ya protini maalumu zinazonasa vimelea katika damu.

Maana zote hizi zinachangia taswira moja, ya ngao au ukuta ulio nje. Taswira hiyo inazifaa kingamwili kwa maana ya protini, maana hizo hukinasa kirusi kingali njiani, kabla hakijaingia ndani ya seli. Haizifai seli T, ambazo kazi yake huanza baada ya ukuta kupitwa. Katika makala hii, "kingamwili" linatumiwa kwa maana ya protini tu.

3.0 Seli T hutambua nini?

Seli T huzaliwa katika uboho wa mifupa, kisha husafiri hadi kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Herufi T inatokana na jina la tezi hiyo. Umuhimu wake katika kinga ulidhihirishwa na Jacques Miller mwaka 1961, baada ya kuonyesha kwamba panya walioondolewa thaimasi wakiwa wachanga walikuwa na kinga dhaifu. Ndani ya thaimasi seli hupita katika mchujo mkali. Zile ambazo vipokezi vyake havina uwezo wa kusoma alama za mwili huachwa zife, na zile ambazo zingeushambulia mwili wenyewe huondolewa. Sehemu kubwa ya seli zinazoingia humo hazitoki hai.

Seli iliyohitimu hubeba juu yake vipokezi vya aina moja tu, na kila kipokezi hulingana na umbo maalumu. Hapa ndipo sitiari ya askari inapoanza kupwaya. Askari humwona adui uso kwa uso; seli T haikioni kirusi kizima. Inachokiona ni kipande kidogo cha protini ya kirusi, kilichokatwa ndani ya seli ya mwili na kupandishwa juu ya seli hiyo kikiwa kimeshikiliwa na protini za utambulisho za mwenye mwili.

Jambo hili lilithibitishwa mjini Canberra, Australia, na Peter Doherty na Rolf Zinkernagel katika miaka ya 1973 na 1974. Walichukua seli T uaji kutoka kwa panya walioambukizwa kirusi, wakaziweka pamoja na seli nyingine zilizoambukizwa kirusi kicho hicho. Seli uaji ziliziangamiza seli zilizotoka kwa panya wenye protini za utambulisho zinazofanana na zao, na ziliziacha zile za panya wenye protini tofauti, ingawa nazo zilikuwa na kirusi. Ilibainika kwamba seli T husoma mambo mawili kwa pamoja: kipande cha mgeni na utambulisho wa mwenyeji. Watafiti hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Taswira inayokaribia utaratibu huu ipo katika ukanda wetu, nayo ni ya nyumba kumi, inayojulikana Tanzania, Kenya, Rwanda na Burundi. Ichukuliwe kwamba kila nyumba hutakiwa kuweka mlangoni sampuli ya kila kinachopikwa ndani. Mkaguzi hapiti akitafuta wageni barabarani; hupita mlango kwa mlango akitazama sampuli. Akikuta kitu kisicho cha nyumba hiyo, hutambua kwamba mgeni yumo jikoni. Seli T ni mkaguzi wa namna hiyo, na kila mkaguzi amefunzwa kutambua chakula kimoja tu.

4.0 Kuongezeka, kusaidia, kuua na kukumbuka

Kwa kuwa kila seli T hutambua umbo moja, seli zinazokifaa kirusi fulani huwa chache sana mwanzoni, pengine moja kati ya laki moja au hata moja kati ya milioni. Seli maalumu zenye matawi hubeba vipande vya kirusi kutoka mahali palipoambukizwa hadi kwenye tezi za limfu, ambako seli T nyingi hupita. Seli iliyokutana na kipande chake huanza kugawanyika kwa kasi kwa siku kadhaa. Kuvimba kwa tezi za shingoni, kwapani au kwenye kinena, ambako watu hukuita mitoki, mara nyingi ni ishara ya shughuli hiyo.

Seli zinazotokana na mgawanyiko huo si za kazi moja. Seli T uaji, zenye alama ya CD8, hushikamana na seli iliyoambukizwa, huitoboa utando na kuingiza vimeng'enya vinavyoifanya ijiue. Kirusi hupoteza karakana yake. Seli T saidizi, zenye alama ya CD4, kwa kawaida haziui. Hutoa ishara za kikemikali zinazoziwezesha seli B kutengeneza kingamwili bora, huziimarisha seli uaji, na huziamsha seli zinazomeza vimelea. Zikipungua, matawi yote ya kinga huyumba hata kama yenyewe hayajaguswa.

Uambukizo ukishatulia, takriban tisa kati ya kila seli kumi zilizoongezeka hufa. Kupungua huko ni salama na ni lazima, kwa kuwa seli uaji huweza pia kuumiza. Katika homa ya ini aina ya B, sehemu kubwa ya madhara ya ini haisababishwi na kirusi moja kwa moja bali na seli T zinazoziua seli za ini zilizoambukizwa. Chache zinazobaki huwa seli kumbukizi, ambazo huishi muda mrefu na kuitikia haraka kirusi kikirudi. Chanjo ya homa ya manjano inaonyesha nguvu ya kumbukumbu hiyo: dozi moja huacha kingamwili na seli T kumbukizi zinazodumu kwa miaka mingi, na tangu Julai 2016 cheti chake cha kimataifa hutambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa, badala ya miaka 10.

5.0 VVU ndani ya kumbukumbu

Mwaka 1984 ilionyeshwa kwamba VVU hutumia alama ya CD4 kama mlango wa kuingilia. Kirusi hiki, kwa hiyo, huingia katika seli ile ile inayoratibu mapambano dhidi yake. Kikisha kuingia, huandika taarifa zake za urithi ndani ya zile za seli. Seli nyingi zilizoambukizwa hufa. Baadhi hazifi, hutulia na kuwa seli kumbukizi zikiwa na kirusi kilicholala ndani yake. Tafiti zilizochapishwa mwaka 1997 zilibaini kuwepo kwa hifadhi hiyo hata kwa watu waliokuwa wakitumia dawa vizuri.

Kirusi kilicholala hakitengenezi protini; kwa hiyo hakuna sampuli inayowekwa mlangoni, na mkaguzi hupita bila kuona kitu. Dawa nazo huzuia kirusi kinachozaliana, si kile kilicholala. Zikiachwa, kwa wagonjwa walio wengi virusi hurudi katika damu baada ya majuma machache. Sifa njema kuliko zote za seli T, yaani kudumu na kukumbuka, imegeuzwa kuwa maficho. Sitiari ya askari haina nafasi ya ukweli huu, kwa maana ndani yake adui daima yuko upande wa pili.

6.0 Kipimo cha CD4 na lugha ya sera

Kipimo cha CD4 huhesabu seli T saidizi katika milimita moja ya ujazo ya damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, idadi hiyo kwa kawaida huwa kati ya 500 na 1500. Hakihesabu virusi, hiyo ni kazi ya kipimo cha wingi wa virusi. Tofauti hii ni ya msingi, lakini neno "askari" huzichanganya hesabu hizo mbili, kwa kuwa askari wakiwa wengi hudhaniwa kwamba adui ameondoka.

Sera nazo zimebadilika haraka kuliko maelezo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2010 kuanza dawa CD4 ikifika 350 au chini, mwaka 2013 likapandisha kiwango hadi 500, na mwaka 2015 likapendekeza kila mwenye VVU aanze dawa bila kujali CD4. Kipimo kilichokuwa lango la matibabu sasa hutumika zaidi kubaini ugonjwa uliokomaa, hasa chini ya 200, ambapo hatari ya kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo ya fangasi huwa kubwa. Aliyefunzwa kwa kanuni ya mwaka 2010 na hakuelezwa sababu ya mabadiliko ana kila haki ya kuona kwamba wataalamu wanajipinga.

Tatizo linaongezeka mipakani. Mgonjwa anayevuka kutoka Bukavu kwenda Cyangugu, au kutoka Bujumbura kwenda Kigoma, hukutana na UKIMWI upande mmoja na SIDA upande mwingine, na herufi CD4 zikitamkwa kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Kiswahili ndicho kinachoweza kumfuata pande zote, mradi istilahi ziwe zilezile.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Sitiari ya askari haina budi kubaki, lakini ibaki mahali pake, yaani katika kueleza seli T uaji. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, "kingamwili" litengwe kwa ajili ya protini za damu, na "mfumo wa kinga" litumiwe kwa mfumo mzima. Pili, istilahi "seli T saidizi", "seli T uaji" na "seli T kumbukizi" zijadiliwe na kusanifishwa kwa pamoja chini ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, badala ya kila nchi kubuni zake. Tatu, miongozo ya ushauri nasaha ieleze CD4 kuwa hesabu ya waratibu, ieleze wingi wa virusi kando, na itaje waziwazi kwamba kirusi hujificha ndani ya seli zinazohesabiwa.

Jina UKIMWI lilimpa msemaji wa Kiswahili chanzo cha ugonjwa mahali ambapo lugha nyingine zilimpa dalili au herufi za kigeni. Anayemeza dawa kila siku kwa miaka 20 anastahili ufafanuzi wa kiwango hicho hicho kuhusu kinachoendelea ndani ya mwili wake.