Ramani ya Volkano Tuisome Mapema

Nyiragongo imemwaga moto wake mwaka 1977, 2002 na 2021. Kila mara wataalamu walipima mahali ulipopita. Leo vipimo hivyo vimewekwa katika kompyuta, na ramani inayotoka humo inatuhusu sisi wenye watoto.

Inatengenezwa hivi: ni kama kupanga vitambaa vyepesi kimoja juu ya kingine. Cha kwanza kinaonyesha miteremko, cha pili nyufa za ardhi, cha tatu lava ya zamani, cha nne barabara na nyumba. Kisha kompyuta inafuatisha njia ambayo lava inaweza kushika ikitoka kwenye ufa fulani. Lava ni kama maji ya mvua: inatafuta bonde. Mwaka 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma mpaka Ziwa Kivu. Mwaka 2021 ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Ndiyo maana jirani wawili wanaweza kuwa na hatari tofauti.

Lakini ramani haijui kila kitu. Tarehe 27 Mei 2021, kartie 10 kati ya 18 za Goma ziliamriwa kuhama. Wengine walishika njia ya Sake, wengine ya Rutshuru, wengine walivuka kwenda Gisenyi. Watoto wengi walipotezana na wazazi. Kompyuta haijui nani amejifungua jana, wala mzee gani hawezi kutembea. Sisi tunajua.

Kwa hiyo, katika mkutano ujao, kila kikundi kifanye haya:

- Kiombe ramani kwa shefu wa kartie, na kila mama atafute avenyu yake.
- Kichague njia mbili za kutoka, maana lava inaweza kukata moja.
- Kipatane mahali pa kukutana, na nani atambeba nani.
- Kila mtoto ashonewe kwenye nguo jina lake na namba ya simu ya mzazi.
- Kiweke alama penye mazuku. Hewa hiyo mbaya ni nzito, inalala mashimoni, na haionekani. Tukiwa njiani, tusilaze watoto bondeni.

Mlima hatuwezi kuuzuia. Kupotezana na watoto tunaweza kukuzuia, tukipatana sasa, kungali kumetulia.