DVD ya harusi isigome kwa bibi

HARUSI imefanyika Dar es Salaam. Bibi hakuweza kusafiri, magoti yanamsumbua, hivyo wajukuu wanamtumia DVD kwa basi. Jioni majirani wamejaa sebuleni, diski inazunguka kwenye deki, kisha kioo kinaandika kuwa hakuna diski. Lawama zote zinaiangukia deki ya bibi, eti ni ya zamani. Mara nyingi deki haina kosa.

Tatizo huanzia kwenye kompyuta. Wengi huchukua video ilivyotoka kwenye kamera au simu na kuinakili kwenye diski kama wanavyonakili kwenye flashi. Kwenye kompyuta itafunguka, lakini deki ya kawaida hutafuta folda iitwayo VIDEO_TS, yenye video iliyogeuzwa kuwa MPEG-2. Kazi hiyo hufanywa na programu ya kutengeneza DVD, kwa mfano DVDStyler, ambayo ni ya bure. Humo mtu ataulizwa achague PAL au NTSC. Tanzania na Kenya hutumia PAL. Nakala ya shangazi aliyeko Marekani itengenezwe kwa NTSC, kwa kuwa deki nyingi za huko hugoma kucheza PAL.

Diski nazo hazilingani. Kwa deki za zamani, DVD-R ndiyo yenye nafasi kubwa ya kukubalika. DVD-RW, ile ya kufuta na kurekodi upya, huakisi mwanga kidogo, na lenzi iliyochoka au yenye vumbi hushindwa kuisoma. Diski ya kawaida hubeba GB 4.7 tu. Sherehe ya saa nne ikibanwa humo, uso wa bibi harusi unageuka vipande vya mraba. Afadhali kuigawa, kila diski isizidi saa moja na nusu hivi.

Wakati wa kuchoma, haraka haina faida. Ichaguliwe kasi ya 4x au 8x hata kama boksi limeandikwa 16x. Baada ya hapo diski lazima ifungwe. Programu nyingi za kompyuta hufanya hivyo zenyewe, ila mashine ya kurekodia DVD ya mezani husubiri kuamriwa, na diski isiyofungwa huenda isicheze popote isipokuwa kwenye mashine hiyo.

Stika yenye picha ya maharusi inapendeza, lakini hubanduka kwa joto la deki na kuifanya diski iyumbe. Kalamu ya kuandikia CD inatosha.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: anayetazama. Menyu yenye maua na maandishi madogo ni mtihani kwa mzee mwenye mtoto wa jicho, ambaye hata vitufe vya rimoti havioni vizuri. DVD inaweza kupangwa ianze yenyewe mara inapoingizwa. Kwa bibi, ipangwe hivyo.

Kabla ya kuipeleka kituo cha basi, ijaribiwe kwenye deki kongwe kuliko zote mtaani, na ichezwe hadi mwisho. Diski husomwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingoni ndiko mikwamo mingi hujitokeza. Video ya asili isifutwe kwenye kompyuta, maana rangi inayohifadhi picha ndani ya diski huharibiwa na jua, na huko kijijini watoto wataishika kwa mikono yenye mafuta ya maandazi.