Kadi ya Grafiki na Kuba za Kilwa Kisiwani

Wanafunzi wa chama chetu cha kompyuta wameniuliza mara nyingi kwa nini picha zao za Kilwa Kisiwani hazimaliziki. Jibu lake ni refu kuliko dakika zinazobaki baada ya kipindi, basi nimeona vema nilieleze katika kurasa hizi, ili wazazi nao wajue watoto wao wanafanya nini mbele ya kompyuta hadi jua linapokuchwa.

Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza kujengwa katika karne ya 11, ukaongezwa baadaye kwa nguzo na kuba. Leo sehemu ile ya kale haina paa. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, lakini mgeni aendaye huko sasa huona kuta zilizovunjika juu ya mwamba unaotazama bahari. Vijana wetu wanachukua vipimo katika ramani alizochapisha Neville Chittick mwaka 1974 baada ya kuchimba huko, nao wanayajenga upya majengo hayo ndani ya kompyuta kwa programu iitwayo Blender, ambayo hutolewa bure. Nia yao ni kuonyesha, siku ya wazazi, filamu fupi ya mtu apitaye chini ya kuba zilizo nzima.

Kujenga huko wanakuweza. Ugumu u katika kurenda, yaani kompyuta kuyageuza maumbo yale kuwa picha yenye mwanga na kivuli. Picha moja ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, jumla vitone zaidi ya milioni 2. Kwa kila kitone programu hufuata njia ya mwanga kinyumenyume: kutoka jichoni hadi kwenye nguzo, kutoka nguzo hadi ukutani, kutoka ukutani hadi sakafuni, mpaka ilifikie jua au ikate tamaa. Hufanya hivyo si mara moja bali mara nyingi, la sivyo picha hujaa chenga kama mchanga. Tukisema ni mara 128 kwa kila kitone, tumekwisha kupita njia milioni 265, na hiyo ni picha moja tu. Ndani ya msikiti hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa jua huingia kwa mlango, na mwanga wa chini ya kuba wote umekwisha gonga mawe mara kadhaa.

Filamu hutaka picha 24 kwa sekunde. Sekunde 10 ni picha 240. Kila picha ikichukua dakika 10, kazi nzima ni saa 40. Ni nani hapa kwetu awezaye kutegemea umeme wa saa 40 usiokatika?

Sasa, kompyuta ya mezani ina prosesa, nayo ni mfano wa mafundi wa majahazi: ni wachache, pengine wanne au wanane, lakini kila mmoja anaweza kazi yoyote uliyompa, hata ngumu. Kadi ya grafiki ni msaragambo. Kadi ya kawaida kama GeForce GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, ina viini 896. Huwezi kuwapa watu wa msaragambo waunde jahazi, lakini ukiwaambia wabebe mawe, kila mtu lake, bila kumngoja mwenzake, fundi hawafikii. Na kurenda ni kubeba mawe: kitone hiki hakihitaji habari za kitone kile. Kazi ya dakika 10 ikishuka ikawa dakika 1, zile saa 40 huwa saa 4.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kadi kuwamo ndani ya kompyuta si sawa na kadi kufanya kazi. Nimeona kompyuta zenye kadi nzuri, na prosesa peke yake ndiyo inayotoka jasho. Kwa hiyo kabla hujamsikiliza muuzaji anayetaka ununue kompyuta mpya, fungua Blender, uende kwenye “Edit”, kisha “Preferences”, kisha “System”. Kadi ya NVIDIA chagua “OptiX”, na ikiwa ni ya zamani sana “CUDA”. Kadi ya AMD chagua “HIP”. Tia alama kwenye jina la kadi yako. Jina lisipotokea, mara nyingi kosa ni la draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kusema na kadi. Chukua mpya katika tovuti ya watengenezaji wa kadi.

Hapo bado. Katika faili lenyewe la kazi, mahali pa mipango ya kurenda, hakikisha injini ni “Cycles” na “Device” ni “GPU Compute”. Ukiwasha kule usiwashe huku, prosesa itaendelea peke yake wala hutaambiwa neno. Mara ya kwanza programu hukaa kimya kwa muda ikijitayarisha; usiizime.

Kadi nayo ina mipaka. Ile niliyoitaja ina kumbukumbu ya GB 4 tu, na nguzo zilizochongwa kwa pembetatu milioni kadhaa huweza kuijaza, kazi ikasimama. Nguzo za mbali zipunguzeni, hakuna atakayezihesabu. Tena kadi hutoa joto, na vumbi na chumvi ya pwani yetu huziba feni, basi ifuteni kwa brashi kavu kompyuta ikiwa imezimwa.

Na kwa habari ya umeme: msitoe filamu nzima katika faili moja, bali toeni picha mojamoja za PNG, na alama ya “Overwrite” iondolewe. Umeme ukirudi, programu itaziruka zilizokwisha na kuendelea na zilizobaki. Ile iliyokuwa ikiandikwa umeme ulipokatika ifuteni kwanza, maana huenda ni nusu.