Mavazi na Maumbile (Sehemu ya Pili): Sare Moja, Miili Mingi

Wiki iliyopita tuliangalia vitambaa: kwa nini pamba humfaa mtu wa joto kuliko polista, na kwa nini gauni linalompendeza mtu wa Lushoto humchosha mtu wa Tanga mjini. Leo tunaingia kwenye vipimo na mishono. Mfano nitakaoutumia ni ule ambao karibu kila familia imeupitia, yaani sare ya harusi.

Utaratibu wake tunaujua. Kamati inakaa, kitenge kinachaguliwa Kariakoo, kila mhusika analipia kipande chake. Kisha picha ya mshono inatumwa kwenye kundi la simu, pamoja na agizo kwamba wote washone hivyo hivyo. Picha yenyewe mara nyingi ni ya binti mrefu, kiuno chembamba, aliyesimama wima bila kufanya kazi yoyote. Nguo hiyo inakwenda kuvaliwa na shangazi mwenye goti linalomsumbua, dada anayenyonyesha, mama mdogo mwenye kifua kikubwa na mabega membamba, na binamu ambaye mwili wake umenyooka juu hadi chini. Siku ikifika, wachache wako raha, na waliobaki wanangoja saa ya kwenda kuvua. Wengi wao wanalaumu miili yao: "Mimi nguo hazinikai."

Hapo ndipo nataka tuelewane mapema. Mwili haujakosea chochote. Kilichokatwa ni kitambaa, na kama nguo haikukaa, basi kitambaa kilikatwa bila kumuuliza mwenye mwili. Kazi yetu leo ni kujifunza kuuliza.

Namba ya kwenye lebo ilitoka wapi

Wengi tumezoea kuiamini saizi kama tunavyoamini mizani. Historia yake haistahili imani hiyo. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilisimamia upimaji wa wanawake wapatao 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili viwanda vipate msingi wa kukata nguo za kuuzwa tayari. Ripoti ilitoka mwaka 1941, na vipimo vilivyotumika vilikuwa vya wanawake weupe peke yao. Kazi hiyo ikazaa viwango rasmi vya saizi mwaka 1958, na mwaka 1983 viwango hivyo vikafutwa. Leo kila kampuni inajipangia. Ndiyo maana magauni mawili yenye namba ile ile hupishana inchi mbili kiunoni, na mwanamke yule yule akawa 12 duka hili na 16 duka la pili.

Mwanamke wa Mwanza au Mombasa anayejisikia vibaya kwa kuwa "amepanda saizi" anajipima kwa rula ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, na hata wenyewe wameitupa. Sisi tuna neema moja ambayo wengi katika nchi za viwanda wameipoteza: fundi yuko mtaani, ana cherehani na futi ya kamba, na anaweza kukata nguo ya mtu mmoja tu. Neema hiyo tunaipoteza pale tunapomkabidhi picha ya simu badala ya mwili wetu.

Vipimo kwanza, jina la umbo baadaye

Magazeti ya mitindo hupenda kugawa wanawake katika makundi matano: wenye nyonga pana kuliko mabega, wenye mabega mapana kuliko nyonga, walionyooka, wenye mwili mkubwa zaidi tumboni, na wenye umbo namba nane. Mgawanyo huo unasaidia kuanza mazungumzo, lakini usiufanye hukumu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, uliochunguza maumbo ya wanawake zaidi ya 6,000, ulikuta umbo namba nane kwa wanawake takriban wanane katika kila 100. Karibu nusu walikuwa wa mwili ulionyooka. Ikiwa hali ndiyo hiyo, mshono uliobuniwa kwa umbo namba nane pekee unawaacha nje walio wengi.

Kwa hiyo anza na futi ya kamba. Pima mabega kutoka ncha ya mfupa hadi ncha ya mfupa. Pima kifua mahali kinapojaa zaidi. Kiuno ni pale mwili unapokunjika ukiinama ubavuni, wala si lazima pawe pale unapofungia sketi. Nyonga zipimwe mahali penye duara kubwa kuliko pote, makalio yakiwamo. Ongeza kipimo cha tano ambacho wengi hukisahau: urefu kutoka shingo hadi kiuno kwa nyuma. Wanawake wawili wenye kifua, kiuno na nyonga sawasawa wanaweza kuhitaji magauni tofauti kabisa kwa sababu mmoja ana kiwiliwili kifupi na miguu mirefu, na mwenzake ni kinyume chake. Mshono wa kiuno ukimwangukia mmoja mbavuni na mwingine juu ya nyonga, hakuna mkanda utakaouokoa.

Nafasi ya kupumua

Kitenge ni pamba iliyofumwa, hakivutiki kama fulana. Ukipimwa kifua ikasoma inchi 40, na gauni likakatwa inchi 40 kamili, utaweza kulivaa ila hutaweza kuvuta pumzi. Gauni la kitambaa cha namna hiyo linahitaji walau inchi mbili za ziada kifuani, moja kiunoni na mbili nyongani. Nyonga zinahitaji zaidi ya kiuno kwa sababu mtu akikaa, mwili hutanuka. Harusini watu hukaa saa nyingi, na pilau italiwa. Kwa hiyo ukipimwa, pimwa umesimama, kisha mwombe fundi akupime nyonga tena umekaa. Kipimo kikubwa ndicho cha kufuata.

Kuna mwizi mwingine wa nafasi. Kitambaa cha pamba ambacho hakijawahi kulowekwa kinaweza kurudi asilimia 3 hadi 5 kikifuliwa mara ya kwanza, na hurudi kwa urefu zaidi ya upana. Gauni refu la inchi 50 linaweza kupanda inchi mbili, na kiuno kikaondoka pale kilipopimwa. Loweka kitenge usiku kucha, kianike kivulini, kipige pasi, ndipo ukipeleke kwa fundi. Siku moja ya subira inatosha.

Msichukulie kubana kuwa suala la starehe tu. Mkanda au kiuno kinachokaza tumbo husukuma asidi ya tumboni irudi kooni, hasa baada ya kula. Suruali na sketi zinazobana sana sehemu ya kinena zinaweza kugandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwenye ngozi ya paja, na mtu akasikia ganzi au moto pajani asijue chanzo ni nguo aliyoivaa.

Mavazi ya kujifunga yana akili yake hapa. Khanga ya takriban sentimeta 150 kwa 110 haikatwi wala haishonwi kiunoni, bali huzungushwa upya kila asubuhi na kufuata mwili ulivyo siku hiyo. Gomesi ya Uganda nayo hufungwa kwa mshipi mpana unaokazwa au kulegezwa na mvaaji mwenyewe. Mshono mzuri wa kitenge unaweza kuazima hekima hiyo kwa kuweka kamba ya kufunga ubavuni, lastiki mgongoni peke yake huku mbele kukibaki bapa, au sketi ya kupishanisha.

Jinsi ya kuisoma mikunjo

Siku ya kujaribu nguo, usiitazame sura yake yote kwa pamoja. Itazame mikunjo. Kila mkunjo unaanzia mahali panapobana, na ukiufuata utakupeleka kwenye kosa.

Mistari ya kulala inayovuka nyonga kutoka ubavu hadi ubavu inasema upana haukutosha. Sketi itapanda kutafuta mahali pembamba, ikusanyike kiunoni. Dawa yake ni kuachia ubavuni, na usikubali fundi akukazie kiuno ili "isipande". Mikunjo ya mshazari kutoka kifuani kuelekea kwapani au ubavuni inasema kifua hakikupewa nafasi. Hapo panatakiwa mkunjo mdogo wa kushonwa unaoanzia ubavuni na kuishia karibu na ncha ya titi, ili kitambaa bapa kipate kuzunguka. Kuongeza upana wa gauni zima hakutasaidia, maana litapwaya mabegani na mgongoni na bado litavuta kifuani. Sketi iliyonyanyuka mbele na kulala nyuma inasema tumbo limekula urefu, basi iongezwe urefu wa mbele pale kiunoni. Ikinyanyuka nyuma, makalio ndiyo yaliyoula.

Halafu inua mikono, maana harusini utacheza. Gauni likipanda lote pamoja na mikono, tatizo liko kwapani. Mazungumzo yanayofuata kwenye vibanda vya ushonaji nayajua:

"Fundi, linanibana kwapani."

"Usijali mama, nitalichimba kidogo."

Usimruhusu kabla hajatazama vizuri. Tundu la mkono likichimbwa chini, mkono unakuwa umeshikana na ubavu wa gauni, na kila ukiuinua unavuta nguo nzima. Tundu lililo juu, karibu na kwapa lakini bila kulikata, ndilo linaloruhusu mkono kutembea peke yake. Mara nyingi kinachobana ni wembamba wa mkono wenyewe au ufinyu wa mgongo, na dawa yake ni kuongeza kitambaa huko. Ndiyo sababu umwombe fundi tangu siku ya kukata akuachie inchi moja ya akiba ndani ya kila mshono wa ubavuni. Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakiongezeki.

Mshono upi, kwa mwili upi

Sasa tunaweza kuzungumza juu ya umbo bila kulionea haya. Kanuni ni moja: nguo ishike mahali mwili ulipo imara, iachie mahali mwili ulipo mpana au unapobadilika.

Mwenye nyonga pana na kiuno chembamba, ashikwe kiunoni na sketi ianze kufunguka pale pale, iteremke kwa upana. Mshono wa nguva, unaobana hadi magotini ndipo ukafunguka, utamfanya atembee hatua fupi na ngazi zimshinde. Akiutaka kwa kuupenda, mpasuo wa nyuma uanzie juu ya goti. Mwenye tumbo, gauni lishike mabegani na chini ya matiti, kisha lishuke bila kugusa kiuno, na mabega yake yakae sawasawa kwenye mfupa ili asionekane amezama ndani ya nguo. Mwenye mabega mapana, shingo yenye ncha ya chini na mikono bapa vitampumzisha, wakati mikono ya puto itamwongezea pale alipo na vingi tayari. Puto hizo mpe mwenye mabega membamba. Aliyenyooka anaweza kupewa marinda, kiuno cha kufunga, au blauzi yenye rinda linalotokea kiunoni. Pia anaweza kuachwa alivyo katika gauni la kushuka moja kwa moja, maana kunyooka nako ni umbo kamili. Anayenyonyesha apewe vifungo au zipu mbele, na hilo liamuliwe kabla ya kukata.

Maua na mistari

Kitenge kina jambo la ziada ambalo kitambaa cha rangi moja hakina: ua lake. Duara kubwa likiangukia kwenye kila titi, au moja likakaa katikati ya tumbo, macho ya watu yote yataishia hapo. Kabla mkasi haujagusa kitambaa, kizungushe mwilini mbele ya kioo, uchague ua likae wapi. Kama ni ndege au samaki, hakikisha hawageuki kichwa chini upande wa nyuma. Kupanga maua kunakula kitambaa, kwa hiyo nunua yadi moja zaidi.

Kuhusu mistari, tunaambiana miaka yote kwamba ya kulala hunenepesha na ya kusimama hukondesha. Mwanasayansi wa Ujerumani Hermann von Helmholtz alionyesha mwaka 1867 kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu na mwembamba kuliko uliojazwa ya kusimama. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walilijaribu jambo hilo kwenye picha za miili iliyovikwa nguo, na mistari ya kulala haikumnenepesha mtu. Vaa mistari unayoipenda. Mahali mshono ulipokaa pana uzito zaidi kuliko mwelekeo wa mistari.

Ombi kwa kamati

Sare inaonyesha kwamba hawa ni watu wa upande mmoja, wamekuja kusimama na ndugu yao. Umoja huo unabebwa na rangi na kitambaa, na hauvunjiki shingo zikitofautiana. Basi kamati zichague kitenge kimoja na kutoa mishono mitatu au minne: wa kushika kiunoni na kufunguka, wa kushika mabegani na kushuka, wa blauzi na sketi ya kufunga, na wa vifungo mbele. Kila mmoja achague wake pamoja na fundi. Kitambaa kitolewe mapema, walau wiki nne kabla, ili kilowekwe, kijaribiwe na kurekebishwa. Sare nyingi mbaya zinatokana na kitambaa kilichofika Jumatano kwa sherehe ya Jumamosi.

Na kama shangazi yako anasema atavaa dera kwa kuwa sare hazimkai, mpeleke kwa fundi wewe mwenyewe, ukashike futi, mkapime nyonga zake akiwa amekaa. Anastahili kupendeza siku hiyo kama mtu mwingine yeyote.

Wiki ijayo tutakwenda kwenye mitumba: namna ya kuchagua nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine, marekebisho gani fundi anaweza kuyafanya, na yapi hayawezekani hata ulipe kiasi gani.